Wimbo Ukutoshe Koo

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu anayeshika maiki ya karaoke achague wimbo mwepesi unaoipamba sauti yake, au achague ule anaoupenda hata kama unamzidi? Garissa haujulikani kwa karaoke. Jioni za hapa ni za chai ya maziwa, mazungumzo marefu, na upepo wa Tana siku ukibahatika kuvuma. Lakini vijana wa mji huu wametawanyika, na mmoja wao anasoma Kijapani Nairobi. Darasa lake litafunga muhula kwa karaoke: kila mwanafunzi wimbo mmoja, kwa Kijapani, mbele ya walimu na wageni. Amerudi Bulla Iftin kwa likizo na orodha ya nyimbo kwenye simu, na kila akiifungua tumbo linamkata.

Nimewapanga wasemaji wanne. Siwapi majina, kwa sababu ni sauti ambazo yeyote aliyekaa Kaskazini Mashariki atazitambua. Yuko Kijana mwenyewe. Yuko Eeddo, dada ya baba yake, mtunzi na mwimbaji wa buraanbur, ushairi wa wanawake wa Kisomali, ambaye harusi za mtaa hazichangamki kabla hajafika. Yuko Mwalimu, Mpokomo wa Madogo ng'ambo ya daraja, aliyefundisha kwaya za shule miaka mingi. Na yuko Adeer, ndugu ya baba, maalim wa duksi, ambaye vinanda havimo katika maisha yake na hana nia ya kuviingiza. Kwa desturi ya Wasomali, shangazi na ami humwita mtoto kwa jina lile lile analowaita yeye, kwa hiyo msomaji asishangae Eeddo akimwita kijana "eeddo".

KIJANA: Mimi nimeshachagua. Nataka "Gurenge" ya LiSA, iliyofungulia katuni ya Kimetsu no Yaiba mwaka 2019. Ikishindikana, "Idol" ya YOASOBI, ya 2023. Nyimbo hizi ndizo zilizonifanya niipende lugha hii mpaka nikaenda kujiandikisha. Nikisimama pale niimbe kitu cha watoto wa chekechea, nitakuwa nimejificha.

MWALIMU: Namuunga mkono. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na kwaya za shule hupewa wimbo wa lazima. Hakuna anayekuuliza kama unakufaa. Unaukuta juu yako, unaupandia. Nimewaona watoto wa mji huu wakitoa sauti ambazo hawakujua wanazo, kwa sababu wimbo uliwadai. Kuna yule mwanamke wa Kijapani, Anyango, aliyekuja Kenya akajifunza nyatiti, ala ambayo kwa mila ya Waluo hupigwa na wanaume. Hakutafuta jepesi. Anayechagua kila siku wimbo wa kumpamba hatajua sauti yake inaishia wapi.

EEDDO: Mwalimu, kwaya yako ina watoto arubaini. Mmoja akiishiwa pumzi, wa pembeni anambeba. Huyu atasimama peke yake. Na huyo Anyango alikaa na mwalimu wake, akala naye, akafundishwa mpaka vidole vikazoea. Sisi tuna likizo fupi. Haya, eeddo, imba tukusikie.

Kijana akaimba "Gurenge". Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, maana sauti yake ya kuzungumza ni nene na tulivu. Kiitikio kilipoingia, shingo ilirefuka, kidevu kikapanda, na ile sauti nene ikabaki uzi. Maneno yaliyokuwa wazi yakamezwa miisho. Aliyewahi kusimama gwaride la asubuhi shuleni anaijua hali hiyo: kiranja anauanzisha wimbo wa taifa juu mno, na ukifika mahali pa kupanda nusu ya shule inanyamaza na nusu nyingine inapiga kelele.

ADEER: Vinanda sivisikilizi, na hilo mnalijua. Lakini la sauti nitalisema, ndiyo kazi yangu. Mtoto akianza kusoma Qur'ani juu, namsimamisha. Msomaji mzuri huanza chini, karibu na sauti anayozungumzia, apate nafasi ya kupanda. Ukianza juu, hujafika mbali utakuwa unakohoa. Huyu ameanzia mahali alipotakiwa kufikia.

KIJANA: Adeer, sikuanza mimi. Muziki ndio ulioniweka pale. Ni ufunguo wa LiSA, na LiSA ni mwanamke.

MWALIMU: Basi ushushe. Kwani simu hiyo haishushi?

KIJANA: Inashusha. Lakini wenzangu watasema nimedanganya.

Shutuma hiyo ya udanganyifu inarudi kila karaoke inapozungumzwa, na inaonyesha kwamba wengi hawajui chombo hiki kilizaliwaje. Alitangulia Shigeichi Negishi wa Tokyo, aliyeunda mashine ya namna hiyo mwaka 1967, lakini kisa kinachotuhusu zaidi ni cha Kobe. Daisuke Inoue alikuwa mpiga kinanda katika mabaa ya mji huo, akiwapigia wateja waliopenda kuimba. Mteja mmoja, mkubwa wa kampuni, hakuweza kuufuata wimbo kama ulivyorekodiwa, na Inoue alikuwa na kipaji cha kumfuata yeye: akichelewa anamngoja, sauti ikimshinda anamshushia. Mteja huyo alitaka kusafiri na mpigaji wake. Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya muziki mtupu, kwa kimo na mwendo wa koo la yule bwana. Mwaka 1971 akaunda mashine aliyoiita Juke 8, akaanza kuikodisha kwa mabaa. Hakuisajili iwe mali yake, na dunia nzima ikaichukua.

Kwa hiyo kanda ya Inoue ilikatwa kwa kipimo cha mtu mmoja asiyejua kuimba vizuri. Kushusha ufunguo ndiyo maana yenyewe ya karaoke. Mashine za leo zinapanda na kushuka nusu toni kwa kila bonyezo, na mwanamume anayeimba wimbo wa mwanamke asione haya kubonyeza mara nne au tano. Njia ya kujua ni mara ngapi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: usiujaribu wimbo tangu mwanzo. Nenda moja kwa moja kwenye mstari wa juu kabisa wa kiitikio, uimbe huo peke yake, mara mbili mfululizo, bila kuinua kidevu. Kisha uimbe mstari wa chini kabisa. Ikiwa wa juu unapita na wa chini umegeuka mnong'ono, umeshusha kupita kiasi. Ikiwa yote miwili inakugomea, ufunguo hauna kosa. Wimbo huo una upana usioumudu.

Kijana alijaribu hivyo. "Gurenge" ilikubali kushuka, lakini mistari ya chini ikazama kifuani. "Idol" haikukubali kabisa: inabadilisha ufunguo njiani, ina sehemu za maneno ya mbio, na nafasi ya kuvuta pumzi ni ndogo. Huo ndio wimbo wa kwanza wa Kijapani kushika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard ya dunia nje ya Marekani, na heshima yake haipungui kwa kusema kwamba haukutungwa kwa ajili ya koo la huyu.

EEDDO: Tuwekee nyingine, eeddo. Za wazee wao.

KIJANA: Wazee wao wana enka, eeddo. Ni nyimbo za kulia.

EEDDO: Kwani sisi tunaimba za kucheka?

Akaweka "Kitaguni no Haru" ya Sen Masao, ya 1977. Eeddo akasikiliza ubeti mmoja, na wa pili ulipoanza alikuwa anauguna pamoja na simu bila kujua neno hata moja. Adeer alikuwa amesogea kwenye mlango wa nje. Mwalimu akacheka kwa furaha, akachukua kijiti akaandika mchangani: do, re, mi, sol, la.

MWALIMU: Tano tu. Hakuna fa, hakuna ti. Wajapani walipochukua ngazi ya Kizungu katika karne ya kumi na tisa waliziacha hizo mbili, ya nne na ya saba, na nyimbo zao nyingi za watu wote zikakaa humo. Sasa niambie, mama, nyimbo zenu za Kisomali zinatembea kwenye ngazi gani?

EEDDO: Ngazi siijui. Najua tu huyu haniumizi sikio.

MWALIMU: Ni tano. Nyimbo nyingi za Kisomali ni za noti tano. Ukiwasikiliza akina mama wa Gargar, kundi la hapa hapa Garissa, utazisikia. Ndiyo maana umeushika.

Niulizwe mimi, hapa ndipo penye kiini cha mjadala wote. Wepesi wa wimbo hauko kwenye wimbo peke yake. Uko kati ya wimbo na sikio lililolelewa mahali fulani. "Sakura Sakura", ambayo kila mgeni huambiwa ndiyo nyepesi kwa kuwa ni ya zamani na ya watoto, nayo ina noti tano, lakini ni tano nyingine, zenye nusu toni zilizobanana mahali pawili. Eeddo alipoisikia aliinama kuisikiliza tena, akasema ni nzuri lakini inateleza. Kwa mtoto wa Kyoto si kitu. Kwa sikio la Garissa inataka wiki.

Na ulimi nao una makao yake. Sijaona jambo hili likisemwa vya kutosha, nalo linapaswa kuwapa moyo vijana wetu: mdomo wa Mswahili umeshatayarishwa kwa nyimbo za Kijapani. Irabu zao ni tano, a, i, u, e, o, na nne kati yake zinatamkwa karibu sawa na zetu. U yao tu ndiyo isiyobana midomo. Silabi zao, kama zetu, karibu zote huishia kwa irabu, na kuimba ni kazi ya irabu. Wana n inayosimama peke yake kama silabi kamili, na katika wimbo hupewa noti yake. Mzungu huihangaikia hiyo. Sisi tunaotamka "mtu" na "nchi" tangu utotoni tumezoea konsonanti inayobeba pigo lake bila irabu.

Panapotuangusha sisi wa Kiswahili ni urefu wa irabu. Kijapani hutofautisha irabu fupi na ndefu, na ukifupisha iliyo ndefu, wimbo unachechemea. Kijana alikuwa akilisoma jina la wimbo wa Kyu Sakamoto, "Ue o Muite Arukō", akiikata ile o ya mwisho. Eeddo ndiye aliyemsahihisha.

EEDDO: Umekula moja, eeddo. Hapo pana mbili. Ukinikatia hivyo kwenye buraanbur wanawake watanishusha jukwaani.

Kisomali kina irabu fupi na ndefu, na huandika ndefu kwa kurudia herufi. Zaidi ya hayo, mashairi yake yamejengwa juu ya hesabu hiyo. Washairi waliifuata kwa sikio vizazi na vizazi, mpaka mwaka 1976 mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, anayejulikana zaidi kama Gaarriye, alipoieleza gazetini: irabu fupi huhesabiwa moja, ndefu mbili, na kila aina ya shairi ina jumla yake. Wajapani nao huhesabu hivyo hivyo, tano na saba, katika mashairi ya kale na katika maneno mengi ya enka. Mwanamke wa Bulla Iftin asiyejua hata salamu ya Kijapani aliisikia hesabu iliyovunjika kabla ya mwanafunzi wa Kijapani. Nani basi aseme urithi wetu hauna la kufanya na karaoke?

Zikabaki nyimbo tatu. Ya kwanza ilikuwa "Kawa no Nagare no Yō ni" ya Hibari Misora, ya Januari 1989, mwaka ule ule aliofariki mwezi wa Juni. Kijana aliipenda kwa kuwa inauzungumzia mto, na yeye ni mtoto wa Tana. Huu ni mtego, nami ningemwonya yeyote. Unaanza chini, polepole, karibu na mazungumzo, mtu akajiona amefika. Kisha kiitikio kinapanda, na pale Misora anaiacha sauti ya kifuani na kuingia ile nyembamba ya kichwani kwa ulaini ambao aliulea maisha yake yote, maana alianza kuimba akiwa mtoto. Asiyeweza kuvuka hapo atapasuka mbele ya watu, tena mahali ambapo kila Mjapani anapangoja.

Ya pili ilikuwa hiyo ya Sakamoto, ya 1961, iliyofika kileleni Marekani mwaka 1963 kwa jina la "Sukiyaki", ikiwa kwa Kijapani kitupu. Mwendo wake ni wa kutembea, maneno hayana haraka, na hadhira yoyote inaujua. Ikazuka shida isiyotarajiwa: ina sehemu ya mluzi.

ADEER: Mluzi hapana. Si nyumbani humu.

KIJANA: Ni pale katikati tu, adeer.

ADEER: Nimesikia. Na huo mwingine, aliokuwa anauguna eeddo yako, maneno yake yanasema nini? Kama kuimba kumekuwa sharti la masomo, basi angalau tujue unasema nini mbele za watu.

Kijana akayafasiri. Wimbo unaanza kwa vitu vitatu, mti, mbingu na upepo, kila kimoja kikivutwa mpaka pumzi ikaribie kwisha. Anayeimba ni mtu aliyehamia jijini. Mama yake, akidhani kwamba kule mjini mtu hawezi hata kuyajua majira, amemtumia kifurushi kidogo kutoka kijijini. Mwisho wa kila ubeti anajiuliza, mara mbili, kama arudi kwao.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kila mzazi wa Garissa mwenye mtoto Nairobi anakijua kifurushi hicho. Ni ndoo ndogo ya nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta isiharibike, ikafungwa kwa tepu mara tatu, ikaandikwa namba ya simu kwa kalamu nene, ikapelekwa stendi alfajiri kwa dereva wa basi.

EEDDO: Huyo mtunzi alimjua mama yako?

KIJANA: Maneno ni ya Haku Ide, muziki wa Minoru Endō. Umeimbwa Asia yote. Teresa Teng wa Taiwan aliuimba kwa Kichina.

EEDDO: Basi akina mama wote wanatuma vifurushi.

MWALIMU: Nakubali ni mzuri, lakini hoja yangu iko pale pale. Mnampa wimbo wa kumbembeleza. Atapigiwa makofi, atakaa, na sauti yake itabaki pale ilipokuwa.

EEDDO: Mwalimu, imba wewe huo mti, mbingu na upepo.

Mwalimu akaimba, naye ni mwimbaji hodari. Kwenye neno la pili pumzi ikapungua na noti ikashuka kidogo mwishoni. Alisikia mwenyewe. Akarudia, akaitunza pumzi, na safari hii ilisimama.

MWALIMU: Haya. Nimeelewa unachonionyesha. Wimbo wa mbio unakuficha: ukikosea hapa, umeshafika kule. Huu unakuacha peke yako na noti moja ndefu. Na niseme kweli, mimi Mpokomo ndiye ningepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili. Wimbo wa taifa, mahadhi yake yalitoka kwetu. Mwaka 1963 wanamuziki waliopewa kazi ile walichukua wimbo wa kubembelezea mtoto, kutoka kwa Mzee Meza Moroa Galana. Mama anayelaza mtoto haimbi kwa kupasua koo. Wimbo wa usingizi wa mtoto, na leo nchi nzima inasimama ukiimbwa.

KIJANA: Kwa hiyo umebadilisha upande, Mwalimu?

MWALIMU: Nusu. Jukwaani imba huu. Lakini "Gurenge" usiitupe. Endelea nayo nyumbani mwaka mzima, ufunguo wa chini, kisha upandishe mmoja baada ya mwingine. Mazoezi ni mahali pa wimbo unaokushinda.

Kwa upande wangu, nampa Mwalimu haki hiyo nusu, ila siwezi kumpa zaidi. Tumewalea vijana wetu kuamini kwamba jitihada lazima ionekane, kwamba asiyetoka mishipa ya shingo hajaimba. Nimewasikia wengi wenye sauti za kupendeza, nene, zenye mchanga kidogo ndani, wakizitesa kwa nyimbo za watu wenye makoo ya namna nyingine, kisha wakaketi wakiamini hawajui kuimba. Hilo linaniuma. Sauti ya kijana huyu, ikiachwa katika kimo chake, inafanana na ya ami yake anaposoma: haipigi kelele, nayo inafika mpaka barabarani. Na waliokaa kusikiliza nao wana haki yao. Wameacha shughuli zao. Wapewe kilicho bora katika sauti yako, wasifanywe mashahidi wa mapambano yako na noti ya juu.

Ufunguo ukashushwa mara mbili tu kutoka ule wa Sen Masao. Likabaki la beti. Ziko tatu. Wa kwanza ni wa mama na kifurushi. Wa pili ni wa msichana ambaye waliachana bila kuambiana linalopaswa kuambiwa, na hapo Eeddo alimtazama kijana kwa makini na kijana akatazama simu. Wa tatu ni wa kaka na baba, wanaume wawili wasio na maneno mengi, na mwimbaji anajiuliza kama siku nyingine huketi wakanywa pamoja.

ADEER: Wakanywa nini?

KIJANA: Sake, adeer. Pombe yao ya mchele.

ADEER: Basi imba mbili. Mbili zinatosha.

EEDDO: Hata kwa wasikilizaji, walaal, mbili ni adabu. Darasa zima linangoja maiki.

MWALIMU: Ukiukata wa tatu umemtoa baba kwenye wimbo. Mama yumo, msichana yumo, kijiji kimo, baba hayumo. Mtunzi hakumweka mwisho kwa bahati mbaya.

KIJANA: Mimi nataka zote tatu. Adeer, mimi sinywi na unajua. Lakini baba na kaka yangu ni hivyo hivyo alivyosema. Wanakaa soko la mifugo tangu asubuhi, wanarudi, wanaketi pale, na hawasemi. Nikiwa Nairobi huwa najiuliza wamekaa vipi.

ADEER: Hilo ndilo linaloulizwa? Wamekaa vipi?

KIJANA: Ndilo hilo, adeer.

ADEER: Mimi sitakuwepo. Utakachoimba kule ni baina yako na Mola wako. Lakini ukifika kwa baba yako, usiharakishe.

EEDDO: Na pumzi ya tatu ndiyo huwa fupi, eeddo. Kesho baada ya alfajiri, kabla jua halijakaza, tutaanzia ubeti wa mwisho.